Wakiachana Mke na Mume, Nani Atalipa Deni?

Na Afisa Elimu ya Watu Wazima

Watu wengi wanajua kwamba mke na mume wakiachana, mali waliyochuma pamoja hugawanywa. Nyumba inahesabiwa. Mbuzi wanahesabiwa. Cherehani, magodoro na baiskeli vinahesabiwa. Lakini kuna kitu kingine ambacho hakionekani kwa macho, nacho hugawanywa. Kitu hicho ni deni.

Siku hizi deni limefika kila kijiji cha milima ya Uluguru. Mkulima wa Mgeta anakopa anunue mbolea na mbegu ya viazi. Mama wa Kinole anakopa kwenye kikundi anunue ndizi apeleke sokoni Morogoro. Kijana wa Matombo anakopa anunue pikipiki. Kukopa si kosa, kama mkopo umefanya kazi iliyokusudiwa. Matatizo huanza pale ndoa inapovunjika na deni bado halijaisha. Na matatizo huzidi kama yule aliyepangiwa kulipa amefilisika.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu:
- Sheria inasema nini juu ya madeni ya mke na mume wanaoachana.
- Kwa nini mkopeshaji anaweza kukudai wewe, hata kama mahakama imesema mwenzako ndiye atakayelipa.
- Mambo ya kufanya ili usilipe deni ambalo si fungu lako.

1. MAANA YA MANENO

Mdai au mkopeshaji ni mtu, kikundi au benki inayodai fedha zake.

Mdaiwa ni mtu anayedaiwa.

Mdhamini ni mtu anayemwahidi mkopeshaji hivi: "Huyu asipolipa, nitalipa mimi."

Dhamana ni mali iliyowekwa ili mkopeshaji aichukue kama deni halikulipwa.

Hukumu ni uamuzi wa mahakama.

Kufilisika kuna maana mbili. Maana ya kwanza ni ile ya mitaani: mtu ameishiwa, hana kitu. Maana ya pili ni ya kisheria. Mtu aliyeshindwa na madeni hufikishwa mahakamani, au huenda mwenyewe, na mahakama inatamka kwamba amefilisika. Hapo mali yake huwekwa chini ya msimamizi, ambaye huiuza na kuwagawia wadai. Sheria ya jambo hili ni Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25 ya sheria za Tanzania. Kazi za ufilisi ziko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wengi wetu tunaufahamu wakala huo kwa jina la RITA, kwa sababu ndiko vinakotoka vyeti vya kuzaliwa.

Watu wa vijijini wanaofilisika kwa maana ya pili ni wachache sana. Wanaofilisika kwa maana ya kwanza ni wengi. Kwa yule aliyeachwa na deni, maumivu ni yale yale.

2. SHERIA INASEMA NINI

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hii inawahusu Waislamu, Wakristo na wale waliooana kwa mila.

Kwanza, sheria hii inampa mke aliyeolewa haki sawa na mume katika mambo ya mali. Anaweza kuwa na mali yake mwenyewe. Anaweza kufanya mkataba. Anaweza kushtaki na kushtakiwa. Tuangalie vizuri neno hilo la mwisho. Haki ya kukopa kwa jina lako inakuja pamoja na wajibu wa kulipa kwa jina lako.

Pili, kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo mke na mume waliichuma kwa juhudi zao wote wawili. Katika kugawa, mahakama inatakiwa itazame mambo manne:
(a) mila na desturi za jamii yao;
(b) mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi;
(c) madeni ambayo mmoja wao anadaiwa na yalikopwa kwa faida yao wote wawili;
(d) mahitaji ya watoto wadogo.
Baada ya kutazama hayo, mahakama inapaswa kuelekea kwenye mgawanyo ulio sawa.

Juu ya mchango wa kazi, kuna uamuzi mkubwa wa mwaka 1983. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa uamuzi huo katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama ilisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Kwa hiyo mama aliyepika, aliyechota maji na kulea watoto hawezi kuambiwa kwamba hakuchuma kitu.

Sasa turudi kwenye herufi (c), maana ndiyo somo letu. Deni linaloangaliwa ni lile lililokopwa kwa faida ya wote wawili. Mkopo wa mbolea uliolimia shamba la familia ni wa wote wawili. Mkopo wa bati za nyumba ni wa wote wawili. Ada ya shule ya watoto ni ya wote wawili. Lakini mume akikopa fedha akanywea pombe, au mke akikopa kwa siri kwa mambo yake mwenyewe, hilo si deni la wote wawili. Aliyekopa anaweza kuambiwa abebe mzigo wake.

Jambo jingine la kukumbuka: talaka ya kuandikiwa nyumbani peke yake haigawi mali wala madeni kisheria. Shauri hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati, na hati hiyo hupelekwa mahakamani. Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza mashauri ya ndoa, kwa hiyo si lazima uende mbali.

3. HUKUMU HAIMFUNGI MKOPESHAJI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Soma polepole.

Mahakama ikisema, "Deni la kikundi litalipwa na mume," imesema kati ya mume na mke. Kikundi hakikuwa kwenye kesi hiyo. Hakikuulizwa na hakikukubali. Mkataba wa mkopo ulioandikwa kabla unabaki kama ulivyo. Mkopeshaji anatazama jambo moja tu: nani walitia sahihi au dole gumba kwenye karatasi yangu?

Kama mlitia sahihi wawili kuwa wakopaji, Sheria ya Mikataba inamruhusu mkopeshaji kumdai mmoja wenu deni lote, isipokuwa kama mkataba unasema vingine. Si nusu. Deni lote. Kama wewe ulitia sahihi kuwa mdhamini, wajibu wako ni sawa na wa yule mkopaji mwenyewe.

Basi mama anaweza kutoka mahakamani anafurahi, ana karatasi inayosema deni ni la mume. Baada ya miezi minne viongozi wa kikundi wanabisha hodi. Mama anawaonyesha hukumu. Wanamjibu, "Mama, sisi tunaheshimu hukumu yako, lakini dole gumba hili ni lako." Wako sawa kisheria.

Jambo hilo hilo linaweza kumpata mwanamume. Kama mke ndiye mwanachama wa kikundi na mume alimdhamini, mke akishindwa kulipa baada ya kuachana, mume ndiye atakayefuatwa.

Katika vikundi vya VICOBA kuna ugumu zaidi. Wanachama hudhaminiana, mara nyingi watu watano watano, na hisa za mwanachama ni dhamana. Kwa hiyo deni la ndoa iliyokufa linaweza kula hisa zako. Linaweza hata kula hisa za jirani ambaye hakuwa na neno na ndoa yenu.

4. TUFANYE HESABU

Chukua daftari na kalamu. Huu ni mfano tu.

Mke na mume wamechuma mali ya shilingi 3,000,000. Walikopa kwenye kikundi shilingi 1,200,000 kwa ajili ya mbolea na mbegu. Wote wawili walitia sahihi. Wamekwisha kulipa 300,000. Deni lililobaki ni:

1,200,000 – 300,000 = 900,000

Njia ya kwanza: mume anachukua deni.
Ili mgawanyo uwe sawa, mume anapewa mali zaidi kwa sababu ndiye atakayelipa.
Mume anapewa mali ya 1,950,000 pamoja na deni la 900,000.
1,950,000 – 900,000 = 1,050,000
Mke anapewa mali ya 1,050,000 bila deni.
Kwenye karatasi, kila mmoja ana 1,050,000. Wote wanasema haki imetendeka.

Sasa mume hakulipa. Aliuza mali yake, akaenda mjini, biashara ikamshinda, akafilisika. Kikundi kinamfuata mke kwa 900,000.
1,050,000 – 900,000 = 150,000
Mke amebaki na shilingi 150,000 kati ya mali ya milioni tatu waliyoichuma wote.

Njia ya pili: deni linalipwa kwanza.
Kabla ya kugawana, wanauza baadhi ya mali na kulipa 900,000 yote.
3,000,000 – 900,000 = 2,100,000
2,100,000 ÷ 2 = 1,050,000
Kila mmoja ana 1,050,000, kama ilivyokuwa kwenye njia ya kwanza. Lakini sasa hakuna wa kubisha hodi. Mume akifilisika baadaye, hayo ni yake. Mke analala usingizi.

Ndugu msomaji, hesabu za njia hizi mbili zinafanana kwenye karatasi, lakini si sawa katika maisha. Njia ya kwanza inategemea uwezo na uaminifu wa mtu ambaye umeshindwa kuishi naye. Njia ya pili haimtegemei mtu.

5. MWENZAKO AKIFILISIKA KISHERIA

Tuseme mahakama imetamka kwamba aliyekuwa mume wako amefilisika. Kuna mambo manne ya kujua.

Kwanza, kufilisika kwake hakukufuti wewe kwenye mkataba. Sheria inaweza kumpa yeye nafuu ya madeni yake baada ya utaratibu kumalizika. Lakini mtu aliyekopa pamoja naye, au aliyemdhamini, habanduki. Tena ndipo mkopeshaji anapomfuata huyo kwa nguvu, kwa sababu mwingine hana kitu.

Pili, kama umelipa deni ambalo lilikuwa fungu lake, na wewe umekuwa mdai wake. Peleka madai yako kwa msimamizi wa mali pamoja na hukumu na stakabadhi. Utaingia kwenye foleni ya wadai wengine. Unaweza kupata kidogo, unaweza kukosa kabisa.

Tatu, mali iliyofichwa kwa kugawiwa ndugu bure kabla ya kufilisika inaweza kurudishwa kwa amri ya mahakama. Ukijua kwamba pikipiki iliandikwa jina la shemeji wiki chache kabla, sema, na lete ushahidi.

Nne, matunzo ya watoto ni jambo jingine kabisa. Wajibu wa baba kutunza watoto wake umo kwenye Sheria ya Ndoa. Hauishi kwa sababu ameshindwa kulipa mkopo wa benki. Usikubali kuambiwa, "Nimefilisika, kwa hiyo watoto si juu yangu."

6. NYUMBA NA SHAMBA LA UKOO

Nyumba ambayo mke na mume wanaishi ina ulinzi wa pekee. Kwa Sheria ya Ndoa, mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo. Kwa hiyo mkopeshaji atakuletea karatasi ya ridhaa utie sahihi. Jua tofauti:
- Ukitoa ridhaa, umekubali nyumba iuzwe kama deni halikulipwa.
- Ukiwa mdhamini, umekubali kulipa wewe, hata kwa mali yako nyingine.
Uliza karatasi iliyo mbele yako ni ipi kati ya hizo mbili.

Hapa kwetu Uluguru kuna jambo jingine. Waluguru wanafuata ukoo wa mama, na mashamba mengi ni ya ukoo. Mara nyingi mume analima shamba la ukoo wa mkewe. Shamba hilo halikuchumwa na wale wawili, basi si mali ya kugawana kama mbuzi. Wala mume hawezi kuliweka rehani, kwa sababu mtu hawezi kuweka rehani kitu kisicho chake. Wajomba na wazee wa ukoo wawe macho: mkopeshaji akija kupima shamba, ajulishwe mapema ni la nani. Lakini nyumba, migomba na mikarafuu waliyoipanda wote wawili ni jasho lao wote wawili, na sheria inaweza kulihesabu.

Vilevile wazee wa pande mbili wakikaa na kuamua nani alipe deni, uamuzi wao ni mzuri kwa amani. Lakini nao, kama hukumu ya mahakama, haumfungi mkopeshaji ambaye hakuitwa kwenye kikao.

7. MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUGAWANA

Moja. Andika madeni yote. Andika jina la anayedai, kiasi kilichokopwa, kilicholipwa, kilichobaki, na nani walitia sahihi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Deni nalo bila daftari huvimba bila habari.

Mbili. Nenda kwa kila mkopeshaji, uombe karatasi yenye muhuri inayoonyesha deni lililobaki. Usiamini maneno ya mdomo. Mikopo ile ambayo wananchi wameipa jina la "kausha damu" huongezeka upesi, kwa hiyo iwe ya kwanza kuulizwa.

Tatu. Mwombe hakimu deni la wote wawili lilipwe kwanza kutokana na mali, ndipo kinachobaki kigawanywe.

Nne. Kama haiwezekani kulipa kwanza, mwite mkopeshaji. Aandike mkataba mpya na yule atakayelipa, na aandike kwamba wewe umeondolewa kwenye deni. Bila maandishi ya mkopeshaji, hujaondolewa.

Tano. Kama mkopeshaji amekataa kukuondoa, omba hukumu iandikwe wazi: nani atalipa, kiasi gani, mwisho lini, na kwamba asipolipa na wewe ukalipa, atakurudishia. Maneno "mume atashughulikia madeni" hayatoshi.

Sita. Waarifu viongozi wa kikundi kwamba mmeachana, ili usije ukadhaminiwa tena au kumdhamini mwenzako bila kujua.

8. KAMA JAMBO LIMEKWISHA KUTOKEA

Labda unasoma somo hili na kikundi kimekwisha kubisha hodi. Usikimbie. Anayekimbia deni huongeza gharama.

Nenda ukaonane na mkopeshaji. Mwonyeshe hukumu, omba kulipa kidogo kidogo, na makubaliano hayo yaandikwe. Kila ukilipa, dai stakabadhi. Kisha rudi na stakabadhi zako kwenye mahakama iliyotoa hukumu, ukaombe kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe mwenzako atimize alichoamriwa. Kama ana mali, inaweza kukamatwa na kuuzwa. Kama leo hana, tunza karatasi zako, maana kesho anaweza kuvuna.

Jua pia kwamba mdai hana ruhusa ya kuja kuchukua vitu kwako kwa nguvu zake mwenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Madai inakataza kukamata vitu kama nguo, malazi, vyombo vya kupikia na zana za mkulima kwa ajili ya deni la kawaida. Mtu akikuchukulia jembe na sufuria, uliza amri ya mahakama iko wapi.

Kama huna fedha za wakili, tafuta msaidizi wa kisheria. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi hao husaidia watu bila malipo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako anaweza kukuelekeza.

Dawa ya deni ni kulipa, hilo linajulikana. Lakini lazima ijulikane pia nani anakunywa dawa hiyo. Wewe umejifunza kusoma. Basi kabla ya kutia sahihi kwenye karatasi ya mkopo, isome yote, au msomee mwenzako ambaye bado hajui. Na kabla ya kupokea hukumu ya talaka, isome tena, mstari kwa mstari, mpaka uone deni limekwenda wapi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Eleza tofauti kati ya mkopaji, mdhamini na mtu aliyetoa ridhaa.
2. Mahakama imesema mume atalipa deni la VICOBA. Je, kikundi kinaweza kumdai mke? Kwa nini?
3. Mke na mume wana mali ya shilingi 2,400,000 na deni la 600,000. Wakilipa deni kwanza, kila mmoja atapata kiasi gani?
4. Katika swali la 3, kama mume amepewa mali ya 1,500,000 pamoja na deni, mke akapewa 900,000, kisha mume asilipe, mke aliyetia sahihi atabaki na kiasi gani?
5. Katika kijiji chenu, mume anaweza kuweka rehani shamba la ukoo wa mkewe? Wazee wa ukoo wafanye nini?
6. Kila mwanakisomo aandike nyumbani orodha ya madeni ya familia yake, na nani alitia sahihi. Orodha hiyo ni siri yako. Si lazima kuileta darasani.

Majibu ya hesabu: Swali la 3, shilingi 900,000. Swali la 4, shilingi 300,000.